Mama Mlezi na Sufuria Moja

Kabla ya imani, Mama Mlezi alikuwa na pua. Wengine watakueleza habari za maombi yake, na miguu yake iliyozunguka mji mzima wa Likasi kwa ajili ya maskini. Mimi nakueleza habari za pua. Asubuhi alipita mlango kwa mlango akitusalimu wanawake wote, akitukumbatia kama kanisa lake lilivyofundisha, na katika kule kukumbatia alikuwa anatunusa. Ananusa kikwembe, kile kitenge cha begani, ananusa kitambaa cha kichwa. Akipata harufu ya makaa anarudi nyuma kidogo na kukutazama kwa huruma. Afadhali angekupiga kofi.

"Ulipika wapi, mama?"

Ukikana, anakukumbatia tena.

Nyumba aliyoisimamia ilikuwa ya kanisa, nasi tuliiita Nyumba tu. Lilikuwa jengo refu la vyumba vilivyopangana, bweni la zamani la wafanyakazi wasio na wake, pembeni mwa mji, upande wa barabara ya kwenda Buluo. Kanisa lilikuwa limelipaka rangi, likaandika mstari wa Biblia juu ya mlango mkubwa, na kuingiza humo familia zilizokosa pa kulala. Kila familia chumba kimoja. Unakaa, unasali, unajifunza kazi ya mikono, mtoto anaenda shule, na siku yako ikifika kanisa linakutafutia nyumba ya kupanga na kukuwekea garanti, fedha ya dhamana, ambayo mwenye nyumba huitaka kabla hajakuonyesha hata ufunguo. Kwa mwanamke aliyelala kwenye baraza ya duka la mtu, hilo si jambo dogo. Nalisema mapema ili mtu asidhani sijui kushukuru. Kushukuru najua. Ni yeye ambaye simpendi.

Mimi niliingia Nyumba baada ya mume wangu kwenda Kolwezi kuchimba madini na kukaa hukohuko. Hakufa, usimwonee huruma. Mwenye nyumba wetu alivumilia, akachoka, akatutolea vitu nje siku ya mvua, godoro likiwa juu kabisa. Nilibaki na mtoto mmoja, Ilunga, mvulana wa miaka saba. Wakubwa zake wawili nilikuwa nimeshawazika, wote wawili katika wiki moja, baada ya kula bukari, ugali wetu, kwenye matanga ya upande wa baba yao. Daktari alisema ni kipindupindu. Daktari alisema lake, nami nilijua langu. Tangu siku hiyo nilimfundisha Ilunga neno moja tu, nikalirudia asubuhi na jioni: usikule bukari ya mkono usiouyua. Ya mama yako peke yake.

Basi nikampeleka mtoto huyo kwenye nyumba ya mwanamke aliyetaka wote tule sufuria moja.

Hiyo ndiyo iliyokuwa dini yake hasa. Yesu alikuja baadaye. Ndani ya Nyumba hakuna mwanamke aliyeruhusiwa kuwa na mbabula yake, lile jiko dogo la bati ambalo huku kwetu hata mwanamke asiye na kitanda hakosi. Ukifika nalo getini linachukuliwa, linafungiwa stoo, na utalikuta siku ya kuondoka. Tulipika kwa zamu katika sufuria kubwa ya alumini, leo mimi na mwingine, kesho wengine wawili, na watu wote wanakula. Watoto waliketi kwa kimo, si kwa mama zao. Wafupi mkeka huu, warefu mkeka ule. Mtoto wako anakula bukari iliyosongwa na mwanamke uliyemjua juzi, kutoka sahani moja na watoto wa mwanamke usiyemjua kabisa, na wewe umesimama pembeni umefunga mikono kama mgeni. Nilipouliza kwa nini, alinijibu neno lake, alilolisema mpaka likapoteza ladha:

"Huku sufuria iko moja, sawa vile Bwana eko mumoja."

Nikafikiri moyoni: Bwana yuko mmoja, lakini hata yeye alipowalisha watu hakuna anayejua nani aliipika ile mikate. Sikusema. Nilikuwa na haja ya chumba.

Maombi yake ya chakula yalikuwa marefu kiasi kwamba bukari ilishika ganda juu. Aliombea waliopika, waliolima mahindi, waliosaga, dereva aliyeleta gunia, serikali, wagonjwa, wafungwa wa gereza la Buluo, na kila mara alipofika kwa wafungwa sisi wazoefu tulijua tuko nusu ya njia. Watoto wadogo walilala wakiwa wameketi. Kulikuwa na mama mmoja mnene wa mtaa wa Kikula, mcheshi, aliyekuwa ananinong'oneza, "Akifika kwa bamayuni niamushe." Na siku moja kweli alifika kwa maaskari wanaolinda barabara, tukacheka puani mpaka machozi. Mama Mlezi alifungua macho, akaona machozi, akadhani Roho ameshuka. Akaongeza maombi.

Wageni walipokuja kutoka Lubumbashi, watu wa kanisa wenye mashati yaliyopigwa pasi na simu kubwa, ndipo ungemwona katika utukufu wake. Alituweka wanawake wanne kuzunguka sufuria, akatushikisha mwiko mmoja, mikono yote minane kwenye mti mmoja, tusonge bukari pamoja kuonyesha umoja. Mtu yeyote aliyewahi kusonga bukari anajua kwamba hilo haliwezekani. Ukisonga kushoto mwenzako anasonga kulia, bukari inafanya madonge, maji ya moto yanaruka. Tulitabasamu tukiungua. Picha zilienda zilikokwenda, na mahali fulani duniani wako watu wanaoamini kwamba wanawake wa Katanga hupika hivyo.

Nisije nikasema alikuwa mnafiki tu, maana mnafiki ni mtu rahisi kumchukia na huyu hakunipa hata raha hiyo. Alikula katika sufuria ileile, na alikula wa mwisho. Tulipomaliza sote aliketi kwenye kigoda na kukwangua ukoko kwa kijiko, kwaru, kwaru, ua zima likisikia jinsi anavyojinyima. Hata unyenyekevu wake ulikuwa na kelele. Viatu vyake vya ngozi alimpa mwanamke aliyeitwa kufanya usafi katika ofisi moja mjini, na yeye akatembea kwa kandambili majira yote ya mvua, matope yakimrukia mpaka mgongoni. Shemasi mmoja wa kigeni aliwahi kutaka watoto wapige magoti kumshukuru kwa madaftari aliyoleta. Mama Mlezi alimwambia kwa upole, kwa Kifaransa chake cha kanisa, kwamba magoti ya watoto hawa yana kazi nyingine. Shemasi hakurudi, wala madaftari mengine. Nilikuwepo. Nilitaka kumsifu nikajizuia.

Na uongo je? Asubuhi anahubiri juu ya ulimi wa uongo, mchana yuko Kikula anamdanganya mwenye nyumba. Wenye nyumba hawapendi watoto wengi, wanasema choo kitajaa. Nilikuwa naye siku alipomtafutia nyumba yule mama mcheshi, mama wa watoto sita.

"Eko na batoto bangapi?" mwenye nyumba akauliza.

"Babili," akasema Mama Mlezi bila kupepesa macho. "Na beko batulivu sana."

Wanne waliobaki waliingizwa kidogokidogo, kila baada ya siku kadhaa mmoja, kama watoto wa dada waliokuja kusalimia. Mwenye nyumba alipokuja kushtuka, mama yule alikuwa ameshazoeleka na mtaa mzima unamtetea. Nilimuuliza Mama Mlezi kama hiyo si dhambi. Akaniambia, "Mungu anayuaka kuhesabu. Ule mubaba hakuniuliza kama Mungu." Alikuwa na jibu kwa kila kitu. Nawachukia watu wa namna hiyo.

Sasa nirudi kwa Ilunga, maana kila kitu nilicho nacho juu ya mwanamke huyu kinaanzia na kuishia kwake.

Mwanangu alinitii. Aliketi kwenye mkeka wake wa watoto wafupi, anakata tonge, analigeuzageuza mkononi, na mwenzake akiangalia pembeni analiweka upande wa huyo mwenzake. Watoto wengine walikuwa wananenepa kwa ajili yake. Siku za zamu yangu alikula vizuri kwa sababu mkono ulikuwa wangu, ingawa hata hapo alinitazama kwanza na mimi nikamkonyeza. Siku nyingine nilimtafutia vitu ambavyo Mungu mwenyewe amevifunga: ndizi, yai la kuchemsha lenye ganda lake, karanga ambazo hazijamenywa. Lakini mtoto haishi kwa karanga. Ndipo nikanunua mbabula ndogo ya mkono wa pili, nikaificha nyuma ya ukuta wa bafu, na kila jioni watu wakienda ibada nikamsongea mwanangu bukari ya kiganja kimoja. Alikula amechuchumaa, haraka, akitabasamu. Sikumbuki kuwa na furaha kubwa kuliko hiyo ndani ya Nyumba.

Pua ikanipata. Mama Mlezi alitoka ibadani katikati ya wimbo, akaja moja kwa moja nyuma ya bafu na ndoo ya maji ya kufulia. Hakupiga kelele. Alimwambia Ilunga aende akaimbe na wenzake, akangoja atoke, akamwaga maji kwenye makaa. Majivu yalituruka wote wawili.

"Juu ya nini unamufichaka mutoto?" akaniuliza.

"Simufiche. Minye niko mama yake, minye njo namupikia."

"Unamupikia woga."

"Baba yake balikuwa na bandugu. Bakubwa yake balikula kwabo, tulibazika. Weye unayua nini?"

Aliweka ndoo chini. Kisha akasema kitu ambacho sijakisahau, ingawa nimejitahidi.

"Ulionaka bale batoto benye banalalaka mu soko ya Kikula? Benye balifukuzwa na bamama yabo, eti ni balozi, bachawi? Inaanzaka vile, mama. Usikule kwa huyu. Usikule kwa ule. Kisha siku moja mutoto anakohoa, banamutafuta mulozi, habamupate inje. Banaangalia mu nyumba, banamuona mutoto mwenyewe. Minye nawaokotaka bale. Nawayua majina."

Hotuba nzuri. Angeitoa kanisani angepigiwa makofi. Mimi nilikuwa nimesimama na majivu usoni, na chakula cha mwanangu kikielea kwenye maji ya sabuni. Jioni hiyo alinisimamisha mbele ya wote niseme kwamba nilipika peke yangu, kama vile ni uzinzi. Nikasema. Yule mama mcheshi alinifinya mkono nilipoketi. Mbabula ikaenda stoo.

Baada ya hapo Ilunga hakuwa na pa kulia ila siku za zamu yangu. Mimi nilikuwa natumwa sokoni kuuza sabuni tulizotengeneza, narudi jioni, namuuliza kama amekula, anatikisa kichwa ndiyo, kumbe ananituliza tu. Siku moja nikiwa sokoni alianguka uani. Hakukuwa na pikipiki karibu na mvua ilikuwa imeanza. Mama Mlezi alimfunga mgongoni kwa kikwembe, mvulana mzima wa miaka saba, akatembea naye kwa zile kandambili mpaka hospitali. Waliokuwepo walisema alikuwa anakimbia. Mwanamke wa umri ule, na kifua kile chenye pumu.

Nilipofika hospitali nilisimama mlangoni mwa wodi nikaona. Ilunga ameegemea mto. Mama Mlezi ameketi kwenye ukingo wa kitanda na kikombe cha uji, kikwembe kimemganda mwilini kwa maji. Anachota kijiko, na mwanangu anafungua mdomo. Hakunitafuta kwa macho. Hakungoja nimkonyeze. Anafungua tu, anameza, anafungua tena. Niliona wivu, hata sikusalimu.

"Nani alipika ile?" nikauliza kutoka mlangoni.

Akageuka. "Mama ya mutoto wa kitanda ya kule. Simuyue hata jina."

Daktari alikuja akasema, kwa sauti ya kusikika wodi nzima, kwamba mtoto hana ugonjwa mwingine zaidi ya njaa. Wanawake wote wakanigeukia. Mama Mlezi hakunitazama. Angenitazama ningeweza kumrushia kitu. Tulipotoka, mtoto akiwa mgongoni mwangu safari hii, nilimwambia kwamba aliyezima moto ndiye aliyemlaza mwanangu njaa. Alitembea pembeni yangu, anahema, hakujibu, na hiyo ndiyo siku pekee niliyomkosesha jibu. Nyumba nzima aliiambia kwamba Ilunga alikuwa na malaria. Wiki nzima walinipa pole ya malaria. Alidanganya kwa ajili yangu kama alivyodanganya kwa wenye nyumba, bila kunishauri, akaniachia deni la uongo ambalo sikuliomba.

Tangu hapo Ilunga alikula. Alikula kila kitu, kutoka kila mkono. Aliketi kwenye mkeka wa wafupi na kugombania ukoko na wenzake, na Mama Mlezi akipita anamtia tonge la mwisho mdomoni, naye anacheka. Wenzangu walisema, unaona, mtoto amepona. Mimi niliona mtoto wangu wa mwisho amechukuliwa, na mchukuaji ameimba zaburi.

Siku yetu ya kuondoka ilifika, tukapata vyumba viwili Kikula. Nilirudishiwa mbabula yangu, imeota kutu. Mama Mlezi alituombea mlangoni, kwa urefu wake wa kawaida, akatukabidhi gunia la unga na kusema tusisahau sufuria moja. Nikasema amina nikiwa tayari nimeshageuza mgongo. Jioni ile nilisonga bukari yangu mwenyewe, katika nyumba yangu mwenyewe, kwa mchanganyiko niliofundishwa na mama yangu, unga wa mahindi na wa muhogo, unga wa muhogo ukiingia mwisho. Nikapakua samaki na sombe, majani ya muhogo. Nikamwita mwanangu. Hakuwepo. Nilimkuta kwa jirani, watu tuliowajua siku hiyohiyo, ameketi katikati ya watoto wao, ana tonge mkononi kana kwamba alizaliwa pale.

Alikua hivyo. Hakuna nyumba katika avenyu yetu ambayo Ilunga hakula. Nilimpiga, nikamsihi, nikamwonyesha picha za wakubwa zake. Akaniambia, mtoto wa miaka tisa, "Mama, minye sikufe." Na hakufa, hilo nakiri. Akawa kijana mwenye mabega, akajifunza kuchomelea vyuma, akapata kazi katika karakana moja mjini, na mwaka huu akanionyesha msichana. Msichana mzuri, mpole, wa familia ya hapahapa Kikula. Wazazi wake walifariki, amelelewa na shangazi yake, mama mwenye duka la dawa na mdomo wa kutosha mitaa miwili. Tukaanza mazungumzo ya mahari. Kila kitu kilikuwa kinakwenda.

Kisha yule shangazi akaja kwangu siku ya kazi, bila kutangaza, akakaa bila kuegemea kiti.

"Mama Ilunga, tunakuheshimia. Lakini mutoto yenu anakulaka kwa mulozi. Kila dimanche. Avenue yetu yote inamuonaka. Shiye hatuwezi kutoa mutoto yetu kwa mutu mwenye kukula kule."

"Kwa mulozi gani?"

Akanielekeza nyumba, ile ya kila Jumapili. Nilipotambua ni kwa nani, nilitaka kucheka.

Kanisa lilikuwa limemwambia Mama Mlezi apumzike. Walimfanyia ibada, wakampa kikwembe chenye chapa ya kanisa, wakaweka mahali pake kijana mwenye diploma. Hakuwa na nyumba. Miaka yote hiyo akiwatafutia watu nyumba, hakuwa amejitafutia hata chumba. Alikwenda kuishi kwa binti wa dada yake, Kikula, na baada ya muda mume wa yule binti akapoteza kazi kiwandani, mtoto wao mdogo akapata degedege, na mchungaji mmoja wa hema la maombi la karibu akafunga na kuomba na kuoneshwa kwamba ndani ya nyumba kuna mzee anayekula watu. Mzee alikuwa mmoja tu. Wakamhamishia kibanda cha nyuma, chenye mlango unaotazama barabara. Sahani yake wakaitenga. Chakula alichogusa hakuna aliyekigusa. Wote waliokula naye sufuria moja, familia baada ya familia, walikuwa wakipita njia nyingine.

Sitaficha kwamba nilisikia utamu fulani. Miaka yote hiyo ya kunifundisha nisiogope mkono wa mtu, na sasa mkono unaoogopwa ni wake. Lakini utamu ule haukudumu, kwa sababu mwanangu alikuwa ndani yake. Jumapili nikavaa, nikaenda kumwambia amwachie mtoto wangu. Mara hii nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno ya miaka kumi na tano.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda ndani ya kibanda, mlango wazi, amekonda, miguu imevimba. Alinijua mara moja.

"Mama Ilunga. Karibu. Ikala."

"Sikuye kwa kuikala. Bantu beko banasema mutoto yangu anakulaka huku. Eko anataka kuoa. Sababu ya weye banamukatala. Usimupikie tena. Nakulomba. Ulishamukamataka mara moja, inatosha."

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuita Bwana, hakutafuta mstari.

"Minye simupikiake," akasema. "Mikono haina nguvu. Ni yeye njo anapikaka."

"Anapika nini?"

"Anakuya na unga. Ananipikia, tunakula bote. Nilishamuambia asikuye tena, bantu batasema. Anakatala." Akajifuta mdomo kwa pembe ya kikwembe. "Anatiaka unga ya mahindi mbele, ya muhogo ku mwisho. Nilimuuliza, nani alikufundisha vile? Anasema, ni vile mama anafanyaka. Kila dimanche minye nakulaka bukari yako."

Nilivuta kigoda kilichokuwa ukutani, nikaketi. Kwa miaka yote hiyo niliamini mkono wangu umepotea kwa yule mtoto, kwamba siku ile hospitalini alifungua mdomo na kunisahau. Na hapa alikuwa anasonga kwa mkono wangu, na kumlisha yeye.

"Iko nguvu sana, bukari yako," Mama Mlezi akaongeza. "Meno yangu haiwezi. Ilipashwa kutia maji mingi."

Bado ana jibu kwa kila kitu. Nilitaka kumwambia kwamba mwanamke aliyelisha watu madonge ya umoja hana la kunifundisha kuhusu bukari, lakini Ilunga akatokea nyuma ya kibanda akiwa na sufuria inayofuka mvuke. Aliponiona alisimama. Nikaona mabega yake yakijiandaa kupigana na mimi.

"Mama," akasema. "Usianze."

"Sahani iko ngapi?" nikamuuliza.

"Mbili."

"Enda ulombe ya tatu."

"Hapana mutu atatupatia sahani huku, mama."

"Basi nitakula mu kifuniko."

Akapakua polepole, akinitazama. Mama Mlezi akaanza kuomba, na nikajua tutafika kwa wafungwa wa Buluo, nikamwambia chakula kinapoa, akakatisha. Hilo sikuwahi kuliona. Nikabeba kigoda changu na kifuniko changu mpaka mlangoni, nikaketi pale kwenye kizingiti nikitazama barabara, mahali ambapo kila anayepita angeuona mdomo wangu vizuri. Watu walikuwa wanatoka misa. Wengine walipunguza mwendo. Mmoja alimvuta mtoto wake upande wa pili wa njia. Nikakata tonge, nikachovya kwenye sombe, nikala, nikakata jingine.

Shangazi wa msichana alikuja na kitambaa chake cha Jumapili, akatuona, akasimama katikati ya barabara. Nilimsalimu kwa jina, kwa sauti. Kama wanataka kumkataa kijana kwa sababu ya nyumba anayokula, wamkatae pamoja na mama yake. Hakujibu salamu. Hakuondoka pia.

"Ingia ndani, mama," Mama Mlezi akasema nyuma yangu. "Banakuona."

Nilimwambia anyamaze, ale.